Kondoo wa Natani: maono ya kwanza juu ya michezo ya «The Twilight Zone» iliyofufuliwa

Kuna michezo ya televizio ambayo Wafaransa waliipa jina la «La Quatrième Dimension», na kwa jina hilo wengi wetu tuliosoma Kifaransa tuliisikia kwanza. Wamarekani wenyewe waliiita «The Twilight Zone», maana yake nchi ya magaribi, pale ambapo mchana umekwisha na usiku haujafika. Ilianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1959, ikamalizika mwaka wa 1964, na jumla yake ni michezo 156. Si hadisi moja ndefu iliyokatwa vipande. Kila mchezo una watu wake, mahali pake na mwisho wake. Ukiukosa wa leo, wa kesho hautakusumbua. Anayerudi kila mara ni mtu mmoja tu, bwana mwenye suti nyeusi, anayesema maneno machache mwanzoni na machache tena mwishoni. Bwana huyo ni Rod Serling, naye ndiye aliyeandika michezo 92 kati ya hiyo 156.

Walijaribu kuifufua mara mbili, mwaka wa 1985 na mwaka wa 2002. Mara ya tatu ilikuwa tarehe 1 Aprili 2019, na safari hii aliyesimama mahali pa Serling ni Jordan Peele, Mmarekani Mweusi, aliyekuwa amepata zawadi ya Oscar mwaka wa 2018 kwa kuandika sinema yake «Get Out». Michezo 10 ilitoka mwaka ule wa 2019, mingine 10 mwezi wa Juni 2020, kisha mwanzoni mwa 2021 ikatangazwa kwamba haitaendelea. Mimi nimetazama ile 10 ya kwanza, nikarudia na ya zamani kadiri nilivyoweza. Haya ni maono ya kwanza, wala siyo hukumu ya baraza.

Mtu ataniuliza: mambo haya ya Wamarekani yatuhusu nini sisi mapadri, waseminari na wakatekista? Baba Mtakatifu Pio XII, katika barua yake «Miranda prorsus» ya mwaka wa 1957, juu ya sinema, radio na televizio, alikwisha kuwaonya mapadri wasikae kama wageni mbele ya vyombo hivi vinavyogusa roho za watu. Jibu hilo latosha. Lakini nina jibu jingine, la karibu zaidi. Michezo hii ni mifano. Mtu anasimama mbele ya watu wasiopenda kusikia jambo fulani, naye anawasimulia hadisi kusudi walisikie. Je, sisi kila Dominika twafanya kazi gani?

Lazima kwanza kueleza namna gani Serling alifika kwenye mifano, kwani hakuanza nayo. Alizaliwa mwaka wa 1924 katika jamaa ya Wayahudi, akakulia Binghamton, mji wa jimbo la New York. Katika vita vikubwa vya pili alikuwa askari wa miavuli huko Ufilipino, akajeruhiwa, akaona wenzake wakifa mbele yake. Aliporudi aliandika michezo ya televizio, akapata sifa upesi. Lakini televizio ya Marekani siku zile ililipwa na watu wa biashara, wenye kuuza chuma, sabuni na sigara, na watu hao walikuwa na uwezo wa kufuta neno lolote wasilolipenda.

Mwezi wa Agosti 1955, katika jimbo la Mississippi, Wazungu walimwua kijana Mweusi wa miaka 14, jina lake Emmett Till, eti kwa sababu amemkosea heshima mwanamke Mzungu katika duka. Walioshtakiwa waliachiliwa huru na baraza la Wazungu watupu. Serling alitaka kuandika mchezo juu ya zambi hiyo. Wenye kutoa feza wakaogopa wanunuzi wao wa kusini. Mchezo ulipoonyeshwa mwezi wa Aprili 1956, mambo yote yalikuwa yamehamishwa mpaka majimbo ya kaskazini-mashariki, na marehemu amekuwa mgeni tu, asiyejulikana ni wa taifa gani. Hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa, kwa kuwa kinywaji hicho chawakumbusha watu nchi ya kusini! Akajaribu tena mwaka wa 1958. Mara hii kijana akageuzwa kuwa Mmeksiko, na hadisi ikarudishwa nyuma karibu miaka 100. Baba hakumtambua tena mtoto wake.

Ndipo aliposhika njia nyingine. Aliona kwamba neno lisilokubaliwa kinywani mwa mbunge Mmarekani litakubaliwa kinywani mwa mtu aliyeshuka toka nyota ya mbali. Wakaguzi wakasoma, wakaona mambo ya mizimu na vyombo vya angani, wakadhani ni michezo ya watoto, wakapitisha.

Chukua mchezo wa tarehe 4 Machi 1960, juu ya watu wa njia moja iitwayo Maple Street. Ni jioni, watu wanaosha motokari zao, watoto wanacheza. Gafula mwanga wapita juu, na moto wa umeme wazimika katika nyumba zote. Mtoto mmoja aliyesoma vitabu vya hadisi asema: wako wageni kati yetu, wana sura kama sisi. Wakubwa wacheka. Baada ya dakika kumi hawacheki tena. Motokari ya jirani mmoja yajiwasha yenyewe. Basi wakumbuka kwamba jirani huyo husimama nje usiku wa manane akitazama nyota. Mtu maskini aeleza kwamba hapati usingizi, ni hivyo tu. Nani atamwamini? Giza laingia, mtu aja toka mbali akitembea, mmoja apiga bunduki, na aliyekufa ni jirani mwingine aliyekuwa amekwenda kutazama kama umeme uko njia ya pili. Mwisho watu wote watupiana mawe, wakiulizana nani ndiye adui. Juu ya kilima wageni wawili wa kweli wawatazama wakicheza na vifungo vya umeme, nao waona kwamba hawana haja ya silaha. Mchezo wote ni dakika 25. Hakuna mahali unaposikia jina la chama, wala la mbunge yeyote aliyewinda Wakomunisti katika miaka ile, wala neno moja juu ya rangi ya watu. Lakini Mmarekani aliyekaa mbele ya televizio yake aliona njia yake mwenyewe na nyumba yake mwenyewe.

Nilipoutazama nilikumbuka sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Samweli. Daudi amemchukua mke wa Uria, tena amemwua Uria kwa upanga wa Waamoni. Natani haji kumlaumu waziwazi. Amletea kesi ya tajiri mwenye makundi na maskini mwenye kondoo mmoja. Mfalme ashikwa na gazabu, akata hukumu ya kufa, na hapo tu ndipo nabii anapomwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Nikajisemea: tazama, hii ndiyo nguvu ya fumbo. Ukweli umevikwa nguo ya mtu mwingine, umepita mlango wa askari, umeingia mpaka chumba cha ndani.

Kwa wazo hilo nilianza kutazama michezo mipya, na mwanzoni nilidhani nimepata haki. Peele na wenzake hawakuwa na wauza sabuni wa kuwaziba kinywa. Michezo yao ilipita kwa njia ya intaneti, kwa watu waliolipa wenyewe, na kila jambo laweza kusemwa kwa jina lake. Nao walisema. Mmoja ni juu ya mtoto mdogo anayechaguliwa kuwa rais wa Marekani. Dakika tano hazijapita, umekwisha kujua anachekwa nani. Mwingine ni juu ya mawe yanayoanguka toka mbinguni, na wanaume wanaoyagusa kushikwa na ukali; na hapo pia funzo lafika kabla ya hadisi. Ni kama Natani angeingia kwa mfalme na kumwambia mara moja kosa lake, kisha akakaa saa nzima kumsimulia habari za kondoo.

Mchezo wa kwanza kabisa wastahili kukawia, kwa maana ndani yake mna jambo kubwa. Mchekeshaji mmoja, Samir, kazi yake ni kusimama jukwaani usiku na kuwachekesha watu kwa maneno, lakini hakuna anayecheka, kwani ataka kuwafundisha watu juu ya sheria za bunduki. Mzee mmoja mashuhuri wa kazi hiyo amshauri: sema juu ya maisha yako mwenyewe, lakini ujue kwamba unachokitoa hakirudi. Samir asema juu ya mbwa wake, watu wachekea sana. Arudi nyumbani, mbwa hayuko, wala hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuwako. Asema juu ya mtoto wa ndugu yake, naye afutika. Hapo Samir aingia katika jaribu ambalo mwalimu wa teolojia ya maadili angependa kulieleza darasani. Afungua daftari, aandika majina ya wale waliomkosea, tena wabaya wa kweli, na mmoja wao aliua mama na mtoto wake kwa kuendesha motokari akiwa amelewa. Akimfuta huyo, je, si amefanya mema? Kila usiku jina, kila usiku kicheko, na zamiri yake yamwambia kwamba anasafisha dunia. Mungu peke yake ndiye mwenye kitabu cha uzima, naye huyu amejitengenezea chake, cha kufuta.

Wazo kama hilo Serling angelimaliza katika dakika 25. Hapa limevutwa karibu saa nzima. Watazamaji wamekwisha kufahamu, na mtu bado afuta, bado wacheka, bado afuta. Mwisho ni mzuri, sitauficha: Samir asema juu yake mwenyewe, kwa hiari, kusudi wengine wabaki. Lakini wafika mwisho huo umechoka kama mkristu aliyesikia «tena neno la mwisho» mara nne katika mahubiri yaleyale.

Mchezo wa pili, uliotoka siku ileile, ni wa zamani uliofanywa upya. Mwaka wa 1963 mtu aliyetoka hospitali ya wagonjwa wa akili yu katika ndege usiku, naye aona mnyama wa ajabu juu ya bawa akivunja mashine. Hakuna mwingine anayemwona. Wamfunga kama mwenda wazimu, na ndege ikisha tua twaona chuma kilichopasuka: alisema kweli. Katika mchezo mpya hakuna mnyama. Abiria ni mwandishi wa magazeti. Apata kachombo ka kusikilizia, na sauti ndani yake yasimulia habari za ndege ileile aliyomo, kwamba ilipotea. Kila anachofanya kuizuia hatari ndicho kinachoileta. Mwisho abiria wenzake, waliopona, wampiga mpaka afe. Wa zamani ulitufundisha kumwonea huruma mtu asiyeaminiwa. Huu mpya watufundisha nini? Kwamba mjinga ajiangamiza. Hilo twalijua.

Hapo nilikuwa tayari kuandika makala fupi, kusema kwamba uhuru umewaharibu, na kwamba mwandishi aliyefungwa kinywa ahubiri vizuri kuliko aliyefunguliwa. Ni neno tamu kuliandika. Kisha nikatazama mchezo wa tatu, wa tarehe 11 Aprili 2019, uitwao «Replay», na neno lile likafa mkononi mwangu.

Mama Mweusi, Nina, ampeleka mwanawe Dorian kwenye chuo kikuu. Ni siku ya furaha. Wasimama njiani kula, mtoto ajimwagia mchuzi mwekundu katika nguo, mama acheka na kumpangusa kama mtoto mchanga. Ana mashine ya kunasa picha, ya zamani, iliyokuwa ya baba yake. Abonyeza kifungo cha kurudisha nyuma, na dunia yenyewe yarudi nyuma: mchuzi haujamwagika. Waondoka. Askari polisi Mzungu awafuata, awasimamisha, na mambo yaharibika. Mama abonyeza kifungo. Waanza tena. Apita njia nyingine, askari yuko. Analala katika nyumba ya wageni, askari aja. Ajaribu adabu. Ajaribu kukaa mezani na askari yule, kusema naye kwa upole, kumwonyesha kwamba sisi ni watu. Hata hapo, mwisho ni uleule, na mara moja kijana auawa mbele ya macho yake.

Hapa hakuna fumbo lolote. Hakuna mtu wa nyota, wala nchi ya mbali, wala miaka 100 nyuma. Ni Emmett Till, waziwazi, katika motokari ya leo, kijana yule ambaye Serling alikatazwa kumwonyesha mara mbili. Nao ndio mchezo ulio bora kupita yote tisa mingine. Niliutazama na waseminari wachache, na ulipokwisha hakuna aliyenena kwa muda. Basi haikuwa nguo ya fumbo iliyotupa nguvu ile. Ni nini?

Nikarudi kwa Natani, nikamsoma polepole kuliko mara ya kwanza. Tajiri apata maneno machache tu: ana kondoo na ng'ombe wengi. Lakini juu ya yule kondoo mdogo nabii akawia sana. Maskini alimnunua, akamlea, kondoo akakua pamoja na watoto wake, akala chakula chake, akanywa katika kikombe chake, akalala kifuani pake, akawa kama binti yake. Katika kesi iliyoletwa mbele ya mfalme, mambo hayo yote yahitajiwa kwa nini? Kwa sheria yatosha kusema «aliibiwa kondoo mmoja». Natani ajua anachofanya. Daudi alikuwa mchungaji. Kabla ya kumfanya ahukumu, amfanya kwanza apende. Angemwambia habari za kondoo asiye na kikombe wala kifua, mfalme angekata kesi ya malipo na kurudi kulala.

Mchuzi ule katika nguo ya Dorian ndio kikombe cha yule maskini. Mchezo watoa dakika zake za kwanza kwa jambo lisilo na faida yoyote kwa funzo: kijana mwenye njaa, mama anayejivuna, mzaha wa watu wawili wanaojuana. Askari afikapo, umekwisha kuwa upande wao, uwe Mweusi au Mzungu, utake usitake. Na mama huyo si malaika. Aliwaacha watu wa kwao, aliona haya kwa mahali alipozaliwa, hakumtembelea ndugu yake kwa miaka mingi. Apata njia ya kuokoa mtoto pale tu anaporudi kwa ndugu huyo, kukaa mezani kwake, kukubali kwamba yeye ni mtoto wa nyumba ile. Mjomba ndiye ajuaye njia za siri mpaka mlango wa chuo. Pale mlangoni polisi wawazunguka, na mama asimama mbele ya mwanawe, amwambia askari kwamba imetosha. Wanafunzi walio pale wanyanyua vyombo vyao vya picha kama mashahidi. Wapita.

Mwisho waja miaka kumi baadaye. Sasa kuna mjukuu mdogo; kwa kuchezacheza aangusha mashine ya babu, yavunjika. Dorian atoka usiku kwenda kununua barafu tamu ya watoto. Taa za polisi zamulika dirishani juu ya uso wa mama. Basi.

Kwa kipimo hicho cha kondoo niliirudia michezo mingine, nikaona kwamba chafaa kwa ya zamani na kwa mipya sawasawa. Mtu wa Maple Street asiyepata usingizi ni kondoo. Rais mtoto si kondoo, ni kidole kinachoelekezwa kwa mtu. Kuna mchezo mpya mmoja juu ya wageni wanaofukuzwa: mfanyakazi wa nyumba akamatwa mbele ya jamaa ya tajiri aliyoitumikia, kwa sababu hana karatasi, na bibi yake baadaye aambiwa kwamba yeye mwenyewe si mtu wa dunia hii. Ulianza vema, kondoo alikuwapo, ana watoto wake na huzuni yake. Lakini mchezo wamwacha mapema, wamfuata bibi tajiri. Ni hasara kubwa. Waandishi walipenda ubishi wao kuliko mfanyakazi.

Nisiseme kwamba Serling alikuwa mtakatifu wa kazi hiyo. Michezo yake mingine yahubiri mno, na maneno yake ya mwisho mara nyingi yaeleza kile tulichokwisha kuona. Tena Weusi walikuwa wachache katika michezo yake, kama katika televizio yote ya Marekani siku zile. Lakini yuko mmoja ambao ningependa kila mseminari auone, wa tarehe 8 Aprili 1960, ambamo karibu wachezaji wote ni Weusi. Bolie Jackson ni mpiganaji wa ngumi aliyezeeka. Mtoto wa jirani, Henry, ampenda, naye ana uwezo wa ajabu: akitamani jambo kwa moyo wote, latokea. Bolie aangushwa chini, mwamuzi amhesabia, na Henry atamani. Gafula Bolie ndiye aliyesimama, na adui ndiye aliyelala. Nyumbani mtoto amweleza, amsihi aamini, kwani asipoamini haitakuwa kweli. Mtu mzima hawezi. Amepigwa mno na dunia, haamini tena kwamba kitu cha bure kipo. Na kwa sababu haamini, ajikuta tena chini, anahesabiwa. Sijapata kuona maelezo mazuri kuliko hayo juu ya mtu anayekataa neema, si kwa kiburi, bali kwa uchovu.

Juu ya neema lazima niseme lawama yangu kubwa kwa michezo mipya. Mchezo wa pili wa Serling, wa tarehe 9 Oktoba 1959, ni juu ya mchuuzi mzee anayeuza vitu vidogo barabarani. Kifo chaja kumchukua, mzee akidanganya, apewa nafasi. Basi Kifo chataka kumchukua mtoto msichana wa njia ile mahali pake. Usiku huo mzee afungua sanduku lake la biashara mbele ya Kifo, auza, asifu, abembeleza, mpaka saa sita ya usiku yapita na mtoto apona. Kisha ajitwika sanduku na kwenda na Kifo kwa amani. Ni mchezo wa kuchekesha, tena mna Yoane sura ya 15 ndani yake bila jina la Yoane. Katika michezo 10 mipya watu wahukumiwa sana. Wanaojitoa kwa wengine ni wachache: Samir kwa dakika ya mwisho, na mama Nina. Kwa waliobaki haki yafika, nayo yafika peke yake.

Mchezo mpya mmoja nitautaja kwa waalimu wa filosofia. Ni mkesha wa Noeli, mji mdogo wa Alaska. Mgeni mwenye suti nzuri aonekana ndani ya chumba cha kifungo kilichofungwa, na kwa maneno nusu kweli, nusu uongo, awagombanisha watu wote. Ulinganishe na ule wa mwaka wa 1960 juu ya monasteri ambamo watawa wamemfunga mtu anayelia usiku kucha. Msafiri amwonea huruma, afungua mlango, na kumbe ni Shetani mwenyewe. Wa zamani ni mkali kuliko mpya, kwani anayekosa humo ni mwema, mwenye huruma, asiyejua tu kupambanua roho.

Sasa juu ya kuionyesha. Michezo ya zamani yaweza kuonekana na vijana wote wa seminari ndogo, ila michache yenye kutisha. Mipya ina luga chafu mahali pengi, bila lazima yoyote, nayo isionyeshwe kwa watoto wa katekisimu. Katika Seminari Kubwa ningechagua jioni moja: kwanza mzee mchuuzi, halafu «Replay». Yote miwili haipiti saa moja na nusu, na wakati wa kula hautachelewa.